Siku Siti Msusi Alipoombwa Radhi

Watu wa Mtaa wa Sikukuu bado wanasema kwamba Siti msusi alimtega Mzee Awadhi mbele ya msahafu. Nimechoka kuwasikia. Mimi Sabaha nilikuwepo siku ya ajali, nikawepo hospitali, nikawepo kwa wakili, na kwenye dua yenyewe nilikaa ubavuni kwa Siti, karibu kiasi cha kusikia meno yake yakigongana. Anayetaka kujua aniulize mimi.

Siti binti Kitwana alikuwa msusi, na simaanishi mwanamke anayejua kusuka. Kusuka kila mwanamke anajua. Siti alikuwa anafuatwa na watu kutoka Ilala na Magomeni akawasuke mabibi harusi, na hata twende kilioni, msuko wa haraka usiohitaji ufundi, ukisukwa na yeye watu walikuuliza umesukwa na nani. Alitoka Kilwa na kaka yake Ramadhan baada ya kufiwa na mume. Ramadhan alikuwa hamali katika duka la jumla la Mzee Awadhi, duka lililopakana na nyumba tuliyopanga. Wao walikuwa na chumba upande huu wa ukumbi, mimi nilikuwa na changu upande wa pili. Kazi ya Siti ilikuwa barazani, mchana kutwa, na chai ya nyumba ile ilitoka kwenye vidole vyake.

Ajali ilitokea mwaka wa hamsini na saba, asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimekaa chini katikati ya magoti yake, kichwa nimekiinamisha. Mtu anayesukwa haoni kitu ila miguu yake mwenyewe, na hilo baadaye lilikuja kutugharimu. Nilisikia lori la Mzee Awadhi likirudi nyuma kuleta magunia ya mchele, lakini kwa mtu wa Kariakoo mlio wa lori ni kama mlio wa kunguru, nani anageuka? Mara nikasukumwa shingoni kwa nguvu, nikaanguka kifudifudi mchangani. Nilipoinuka, mkia wa lori ulikuwa umeibana nguzo ya baraza, na kati ya ubao na nguzo ulikuwepo mkono wa kulia wa Siti, ule alionisukumia.

Hakupiga kelele. Alisema, "Sabaha, waambie wasogeze," kama mtu anayeomba apishwe njia. Mimi ndiye niliyepiga kelele hadi sauti ikakauka.

Hospitali walimkata vidole vinne, likabaki dole gumba. Siku chache baadaye Mzee Awadhi alikuja kumjulia hali. Alikuja na machungwa na bwana mmoja mwembamba wa suti, ambaye sisi tulidhani ni mkwe wake wa bara.

"Pole sana, mwanangu," akasema Mzee Awadhi. Macho yalikuwa mekundu, na sikudhani anaigiza.

"Nimeshapoa, Mzee," Siti akamjibu. "Ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyetaka, hakuna wa kulaumiwa."

Ndivyo tulivyolelewa. Mgonjwa akijiwa, yeye ndiye humtuliza aliyekuja, maana mgeni ametoka kwake ana huzuni na si uungwana kumrudisha na huzuni zaidi. Hata maiti wetu, kama angeweza kusema, angewaambia waombolezaji wasijali. Mzee Awadhi alijifuta macho. Yule bwana wa suti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokifuata.

Yule bwana wa suti tulimjua vizuri baada ya Siti kurudi nyumbani. Alikuja peke yake, akajitambulisha kuwa ni Bwana Anselmi, karani wa kampuni ya bima. Ndipo tulipofahamu kwamba kila gari la barabarani sharti likatiwe bima, na mwenye gari hulipa kila mwaka ili siku likimwumiza mtu, kampuni ndiyo imlipe aliyeumia. Mimi nilikuwa nimeishi mjini miaka yote ile sijui habari hiyo.

"Lakini kampuni hulipa pale dereva au mwenye gari anapokuwa na kosa," akasema Bwana Anselmi kwa upole. "Na wewe, dada, mwenyewe ulisema hakuna wa kulaumiwa. Mimi nilisikia. Mzee Awadhi alisikia." Akaweka bahasha juu ya mkeka. "Hii ni pole tu, kwa ubinadamu. Ukiipokea, tutakuwa tumemalizana."

Siti alimtazama, akaitazama bahasha. Nikaona mkono wake wa kushoto unaanza kunyanyuka, kwa adabu ile ile iliyomponza hospitali. Nikajisogeza nikaikalia bahasha. Sijui nani alinituma. Nilimwambia yule bwana kwamba kwetu jambo halimalizwi siku linapoanza, tutamjibu. Alingoja niinuke. Sikuinuka mpaka aliposema basi, atarudi, na aliponyoosha mkono kuidai bahasha yake nilimpa ikiwa na joto.

Wakati ule nilikuwa nashona vifungo kwa fundi cherehani mmoja Uhindini, na juu ya duka la fundi ilikuwa ofisi ya wakili, Bwana Trivedi, mzaliwa wa Bagamoyo mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Nilikuwa nimezoea kumwona akipanda ngazi na mafaili. Kesho yake nikampandisha Siti ngazi zile zile, amejifunika buibui, mkono umefichwa ndani.

Bwana Trivedi alimtaka aeleze yote, hata yasiyompendeza. "Mficha uchi hazai," akasema. Basi Siti akaeleza, na alipofika kwenye maneno ya hospitali akainamisha uso.

"Je, yanafutika?" akauliza.

"Hayafutiki. Mbele ya hakimu nitasema yalikuwa maneno ya adabu. Lakini hakimu ni Mwingereza, na kwao mtu akisema hana wa kumlaumu, wanadhani amemaanisha. Usiyarudie tena popote, mbele ya mtu yeyote."

Mimi nikamwuliza kama kweli jambo hili linahitaji wakili, maana huko mtaani wakili ni mtu wa wenye majumba. Hakukasirika. "Angekuwa amechubuka goti," akaniambia, "ningemshauri apokee pole ya Mzee Awadhi, anywe naye kahawa, arudi kwake. Wakili angekula pesa yake bure. Lakini huyu amepoteza mkono wa kazi, mwenye gari hataki kusema kosa ni la nani, na anayemletea bahasha ni mtu wa kampuni yenye mawakili wake. Penye hayo usiende peke yako. Na usikawie, kwa sababu madai yana muda wake, na mashahidi wana miguu."

Kweli walikuwa na miguu. Pantaleo, dereva wa lori, alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Songea. Wenye maduka ya jirani wote walikuwa wanachukua mali kwa Mzee Awadhi, na ghafla ikawa asubuhi ile hakuna aliyekuwa anatazama barabarani. Nilibaki mimi, niliyekuwa naitazama miguu yangu. Bwana Trivedi alisema bila ya shahidi wa kosa, neno la Siti lingesimama peke yake, tena dhidi ya neno lake mwenyewe la hospitali. Wala hakutuficha kwamba tukishindwa, tutabeba gharama zetu na pengine za upande wa pili.

Mwishoni akamwuliza hasara yake ni nini, aiandike. Nilijua atasema kusuka. Siti akasema polepole, "Bwana wakili, nakula kwa mkono wa kushoto."

Kalamu ikasimama. Mkono wa kushoto kwetu ni wa chooni, na tangu atoke hospitali Siti alikuwa hali mbele ya watu. Alingoja ukumbi utulie, akala amegeukia ukutani. Bwana Trivedi ni Mhindi, nao kwao ni hivyo hivyo, hakuhitaji tafsiri. "Hilo Mwingereza hatalijua nisipomweleza," akasema, na akaliandika kabla ya lile la kusuka.

Habari Kariakoo haina haja ya gazeti. Jioni ile ile Ramadhan aliingia ukumbini na vumbi la magunia kichwani, akamsimamia dada yake.

"Umeenda kwa wakili? Unamshitaki mtu anayetulisha?"

"Anakulisha wewe, kaka. Mimi nilikuwa nalishwa na mkono wangu."

"Siti, mimi ni hamali. Nikitoka pale nani atanichukua, na mji mzima utasema dada yangu anawapeleka watu mahakamani?"

"Basi niambie nitakula nini."

Alisema tu kwamba jambo limeshakwisha, Mzee Awadhi ameomba kuje kusomwe dua Ijumaa, baada ya Alasiri, palepale ukumbini kwetu. Ataleta Maalim, atamwomba Siti radhi hadharani, Siti atasamehe, na watu watakuwa majirani kama zamani. Ramadhan alikuwa amekubali bila ya kumwuliza mwenye mkono. "Na yule karani atakuja pia," akaongeza, akitazama pembeni.

Hapo nikaelewa anakuja kufanya nini. Hospitali aliyasikia maneno akiwa na mtu mmoja, safari hii angeyasikia akiwa na mtaa mzima.

Ijumaa asubuhi nikapanda kwa Bwana Trivedi mbio, sindano ya vifungo bado nimeichomeka kifuani mwa gauni.

"Asiende," akasema.

"Bwana, ni nyumbani kwake. Aende wapi?"

"Basi anyamaze."

"Kwenye dua ya radhi ukinyamaza umekataa. Akikataa, hakuna jirani atakayemletea hata maji akiugua. Na kaka yake atafukuzwa."

Alivua miwani akaipangusa muda mrefu. "Basi asamehe, lakini asiseme hakuna mkosa."

"Tofauti yake ni ipi?"

"Kwangu mimi ni kubwa. Kwa karani itategemea anavyotaka kuisikia."

Nilishuka ngazi nimekasirika naye, nimekasirika na Mzee Awadhi, na kusema kweli nilimkasirikia hata Siti kwa adabu yake. Nilipomfikishia maneno yale alisema tu, "Sabaha, mimi nataka kusamehe. Hilo ndilo hamlielewi, wewe na wakili wako. Siwezi kuishi na kinyongo na mkono mbovu pamoja." Nikamwambia akisamehe vibaya atakufa maskini. Akasema anajua.

Alasiri ilipokwisha watu walijaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka ukumbini, sisi wanawake tulikaa chumbani kwa Siti, pazia limefunguliwa nusu, Siti mlangoni kabisa. Mzee Awadhi alikaa kulia kwa Maalim na tasbihi yake, amekonda. Bwana Anselmi alikuwa amevua viatu kama wengine, amekaa na soksi zake, magoti juu, hajui ayaweke wapi. Kwa namna alivyokuwa akimtupia Mzee Awadhi jicho, niliona kwamba hata mzee alikuwa amefundishwa la kusema na la kutosema. Baadaye tulikuja kujua kampuni ilimwonya: mwenye gari akikiri kosa kwa kinywa chake, atajua mwenyewe, kampuni haitambeba.

Ikasomwa dua. Maalim ana sauti nzuri, lakini siku ile kila aya ilikuwa inatusogeza kwenye shimo. Halua ilikuwa imeshakatwa, kahawa inanukia, hakuna aliyegusa. Kisha Maalim akageukia mlangoni.

"Siti binti Kitwana. Mzee Awadhi yuko hapa mbele ya Mungu na mbele ya jirani zake. Anakuomba radhi. Umemsamehe?"

Nikausikia ukumbi mzima ukingoja. Ramadhan alikuwa amekaza taya. Bwana Anselmi aliinamia mbele.

"Maalim," Siti akasema, "naomba kuuliza kwanza."

"Uliza, mwanangu."

"Mama yangu alinifundisha kwamba mtu akikuomba radhi hukutajia alichokukosea. Anasema nimekukosea kwa hili na hili, ndipo nawe unamsamehe hilo na hilo. Sisi tulifanya hivyo kila mwisho wa Shaabani kabla ya kufunga, tangu tukiwa watoto. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi hospitali mimi nilisema ni kazi ya Mungu. Kama ni kazi ya Mungu, Mzee Awadhi hana haja ya radhi yangu. Tusome Fatiha, tunywe kahawa, kila mtu aende kwake. Lakini kama ameitaka radhi, basi lipo alilolijua. Na mimi nataka kusamehe, Maalim, Mungu anaona. Ila sijui nisamehe nini. Anitajie."

"Siti!" Ramadhan akamkemea.

Bwana Anselmi alimwahi mzee. "Mzee Awadhi, huna haja ya kujibu."

Maalim alimgeukia taratibu. "Wewe bwana ni mgeni wetu, karibu kahawa. Aliyeulizwa ni Awadhi."

Nilimwangalia Mzee Awadhi, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwonea huruma. Upande huu alikuwa na Maalim aliyewaozesha binti zake, upande ule karani mwenye funguo za mali yake. Tasbihi ilizunguka mkononi ikasimama. Kama angesema "ni kazi ya Mungu", Siti angekuwa amekwisha, na yeye angerudi dukani na lori lake. Neno lilikuwa hapo tayari, limeshalainishwa na Siti mwenyewe. Nilifumba macho.

"Breki," akasema Mzee Awadhi.

Bwana Anselmi akamshika mkono, mzee akauondoa.

"Breki zilikuwa mbovu. Pantaleo aliniambia kabla ya Maulidi. Nikamwambia kwanza amalize mchele wa meli ile, gereji tutaenda baadaye. Na utingo nilimwacha bandarini ahesabu magunia, ndiyo maana gari lilirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza. Pantaleo nimemwondosha mimi, asije akaulizwa." Akaiweka tasbihi chini. "Hilo ndilo nililokukosea, binti Kitwana. Sikuwa nalala."

Alilia mzee yule, mbele ya watu waliozoea kumwamkia kwa kuinama. Bwana Anselmi alikuwa ameshika paji la uso. Mimi nilimshika Siti kiunoni.

"Nimekusamehe, Mzee," akasema. "Kwa breki, kwa utingo na kwa Pantaleo. Kesho mbele ya Mungu sitakudai kitu. Hapa duniani nitaudai mkono kwa hao uliowalipa ili waulipe."

"Ni haki yako," akasema Mzee Awadhi.

Maalim akasema Al-Fatiha, mikono ikainuliwa, na wa Siti ukainuliwa pamoja na mingine, umefungwa kitambaa. Bwana Anselmi alitoka bila kunywa kahawa. Mlangoni nilimsikia akimnong'oneza Mzee Awadhi, "Umejimaliza mwenyewe."

Hakukosea sana. Ukumbi mzima ulikuwa umeshakuwa shahidi, na mara hii wenye maduka hawakuweza kusema walikuwa wanatazama pengine. Kampuni ilimwita Bwana Trivedi kabla kesi haijafika kwa hakimu. Bahasha ya kwanza waliyotaja aliikataa, ya pili akaikataa, na ile waliyokubaliana ilimwezesha Siti kununua nyumba ya vyumba vinne Magomeni, akawa anakula kodi yake. Kisha kampuni ikamgeukia Mzee Awadhi na kumdai kwa sababu ya zile breki. Lori liliuzwa. Duka likapungua, na mahamali wakapunguzwa, Ramadhan akiwa wa kwanza. Alipata kazi bandarini, lakini mwaka mzima hakumwita Siti kwa jina. Alikuwa akisema, "Mwambie huyo."

Hapo ndipo lilipotoka lile neno la kwamba Siti alimtega mzee. Wanasema radhi yake ilikuwa ujanja wa wakili. Wakili hakujua lolote mpaka siku nilipomsimulia. Wanaosema hayo wote wana vidole kumi.

Lakini nami ni binadamu, na neno likirudiwa sana humwingia mtu. Siku moja nimekwenda kumtembelea Magomeni, tukala pamoja, maana mbele yangu alikuwa ameshaacha kugeukia ukutani. Nikamwuliza waziwazi, "Shoga, ulimsamehe kweli, au uliitaka tu ile breki?"

Hakukasirika. Alinawa mkono wa kushoto, akaufuta kwenye khanga.

"Siku ile nilimsamehe kwa kinywa," akasema. "Lakini kila alfajiri naamka nimesahau, nanyoosha mkono nishike taa, na vidole havipo. Basi hapo namsamehe tena."